Karatasi Mezani, Simu Mlangoni

Drafti ya mtaani haiandikwi. Nje ya vioski vya Umoja na kwenye vibaraza vya Jericho, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, watu wawili huketi na ubao uliochorwa kwa mkono, vifuniko vya soda vikiwa ndiyo kete: huyu kavifudikiza, yule kavilaza chali. Wanaotazama ni wengi kuliko wanaocheza, na kila mmoja ana ushauri. Mchezo ukimalizika vifuniko hukusanywa, mwingine unaanza, na ule wa kwanza umekwenda na mambo yake yote: mtego uliotegwa vizuri, kosa lililogharimu, mabishano ya nani aligusa kete ipi. Jioni mshindi anasimulia, aliyeshindwa naye anasimulia, na simulizi hizo mbili hazifanani.

Sataranji, au chesi kama inavyoitwa Nairobi, haikubali hali hiyo. Katika mchezo wa muda mrefu, ule unaohesabiwa kwenye viwango vya shirikisho la dunia, FIDE, kila mchezaji anatakiwa kuandika hatua zake na za mpinzani wake, moja baada ya nyingine, kwa mwandiko unaosomeka. Kijana wa Kayole anayepanda matatu ya Barabara ya Jogoo kwenda mashindano ya wikendi atakuta mezani ubao, saa na karatasi yenye safu mbili, ya weupe na ya weusi. Kalamu aje nayo, maana za waandaaji huisha mapema. Simu yake, ambayo asubuhi hiyo imelipa nauli na kumwonyesha anacheza na nani kwenye meza ya ngapi, haina nafasi hapo. Itazimwa.

Vijana huuliza, na wana haki ya kuuliza: kwa nini mtu mwenye kompyuta mfukoni aandike kwa kalamu?

Lugha yenyewe ya kuandikia ni rahisi. Safu za ubao zina herufi kutoka a hadi h, mistari ina tarakimu kutoka 1 hadi 8, na kila mraba una jina lake. Askari akisogea hadi e4 huandikwa e4 basi. Farasi akitua f3 huandikwa Nf3, N ikiwa alama ya farasi. Mtindo huu ulianza kusambaa kupitia Philipp Stamma, mzaliwa wa Aleppo nchini Syria, aliyechapisha kitabu chake mjini Paris mwaka 1737. Nchi zilizozungumza Kiingereza zilishikilia mtindo wao mrefu kwa zaidi ya karne mbili, hadi FIDE ilipoacha kuutambua mwaka 1981. Leo mchezo ulioandikwa Nairobi husomeka Havana na Chennai bila mkalimani.

Karatasi hiyo ni ushahidi. Msimamo uleule ukijitokeza mara tatu, mchezaji anaweza kudai sare, na mwamuzi hawezi kutegemea kumbukumbu za watu wawili wenye jasho. Atazipanga kete upya na kufuata hatua kwenye karatasi. Hatua 50 zikipita kila upande bila askari kusogea wala kete kuliwa, sare inaweza kudaiwa pia, na hapo tena kinachohesabiwa ni mistari iliyoandikwa. Dai likiwa la uongo au la makosa, mpinzani huongezewa dakika mbili kwenye saa yake. Mwishoni wachezaji wote wawili hutia sahihi karatasi zote mbili kuthibitisha matokeo, na matokeo hayo husimama hata kama yameandikwa visivyo, ila mwamuzi aamue vingine. Watoto wengi hawaambiwi jambo hili la mwisho, na ni la kuambiwa mapema: usitie sahihi usichokisoma.

Mashindano mengi ya siku moja, yale yanayofaa ukumbi wa mtaa uliokodishwa kwa saa chache, ni ya mchezo wa haraka, ambao haulazimishi mtu kuandika. Mtoto anaweza kucheza miaka miwili hivyo, akashinda medali, kisha akaingia mchezo wa dakika 90 na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua, na ghafla mkono unamwangusha. Anaandika hatua ya mpinzani kwenye safu yake. Anaruka mstari. Anasahau kama farasi alitoka b1 au g1. Chini ya kanuni, mwenye dakika zisizofika tano anaweza kuacha kuandika, lakini nyongeza ikiwa sekunde 30 au zaidi, ruhusa hiyo haipo. Ataandika hadi hatua ya mwisho, saa ikimkimbiza.

Hapo ndipo wavumbuzi waliona nafasi. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni ya MonRoi ya Montreal, Kanada, ilileta kifaa kidogo cha kushika mkononi chenye skrini ya kugusa. Mchezaji anasogeza kete kwenye ubao halisi, kisha anaigusa kwenye ubao mdogo wa skrini, na hatua inajiandika yenyewe kwa herufi na tarakimu. Kifaa kiliweza kutuma hatua hizo bila waya, watu wa mbali wakaufuata mchezo unavyochezwa. FIDE ilikikubali, na shirikisho la Marekani pia. Baadaye kidogo ikaja eNotate, programu ya kompyuta ndogo za mfukoni zilizokuwa zikitumiwa na watu wa ofisi kabla ya simu za kisasa kuzimeza.

Mabishano yakazuka mara moja, na mengi yalikuwa ya maana. Mchezaji wa kalamu anaona ubao mmoja tu, ulio mbele yake. Mwenye skrini anaona wa pili, safi, umechorwa kutoka juu. Je, huo si msaada? Kifaa kikikataa hatua isiyo halali, hakijamwonya mwenyewe? Na nani atajua kama kidole kinarekodi hatua iliyochezwa au kinajaribu ambayo haijachezwa?

Swali hilo la mwisho lina historia ndefu kuliko vifaa. Benjamin Blumenfeld, bingwa wa Kisovieti wa enzi za mwanzo, alifundisha nidhamu ambayo vizazi vilivyofuata viliirithi: ukishaamua hatua, iandike kwanza, kisha inua macho uutazame ubao kama mtu anayejifunza leo, uone kama hujaacha malkia wazi. Ushauri huo uliokoa michezo isiyohesabika. Lakini mwaka 2005 FIDE iliupiga marufuku: sasa hatua huchezwa kwanza, ndipo huandikwa, isipokuwa mtu anapodai sare au mchezo unapoahirishwa. Karatasi ni kumbukumbu ya yaliyotokea, si daftari la mawazo. Wamarekani waliwaachia waandaaji uhuru fulani kwa wanaotumia kalamu, lakini kwa wanaotumia kifaa walikuwa wakali: cheza, ndipo uguse skrini.

Ukali huo si wa vifaa peke yake. Mwezi Aprili 2015, kwenye ubingwa wa Marekani mjini Saint Louis, Wesley So, mmoja wa wachezaji bora duniani wakati huo, alinyang'anywa mchezo dhidi ya Varuzhan Akobian kwa sababu alijiandikia maneno ya kujikumbusha kwenye karatasi ya pembeni. Hayakuwa hesabu za hatua. Yalikuwa ya kujitia moyo na kujirudi. Alikuwa ameshaonywa, na mwamuzi hakusita. Kocha wa Dandora anayewazuia wanafunzi wake kuchora-chora pembeni mwa karatasi anawafundisha jambo ambalo bingwa alilijua kwa kulilipia.

Kilichowatia waamuzi hofu kubwa kilitokea Buenos Aires mwezi Agosti 2009. Kwenye mashindano ya Copa Mercosur programu ya Pocket Fritz 4, ikiendeshwa na simu ya kawaida ya HTC Touch HD, ilipata pointi tisa na nusu katika michezo kumi. Miaka 12 tu ilikuwa imepita tangu Deep Blue, mashine ya IBM iliyosimama kama kabati, kumshinda Garry Kasparov mwaka 1997 kwa pointi tatu na nusu dhidi ya mbili na nusu. Sasa nguvu za kuwatesa mabingwa zilikuwa zinatosha kwenye kiganja. Tangu hapo simu zimezidi kuwa na nguvu na bei imezidi kushuka. Stockfish, programu ya bure iliyoanza mwaka 2008, inafanya kazi kwenye simu ya bei nafuu inayouzwa barabara ya Luthuli jijini, na hakuna binadamu anayeweza kuishinda.

Walioitumia nafasi hiyo vibaya wanajulikana. Gaioz Nigalidze wa Georgia alikamatwa kwenye mashindano ya Dubai mwezi Aprili 2015, simu yake ikiwa imefichwa chooni. Igors Rausis wa Latvia alipigwa picha akiwa chooni na simu mjini Strasbourg mwezi Julai 2019, akiwa mchezaji wa miaka mingi anayeheshimiwa. Na hata asiyedanganya anaweza kuumia: mwaka 2003, kwenye mashindano ya timu za Ulaya mjini Plovdiv, simu ya Ruslan Ponomariov iliita wakati anacheza na Evgeny Agrest, naye akapoteza mchezo papo hapo. Ponomariov alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia wa FIDE mwaka uliotangulia.

Kanuni ya leo ni ya kueleweka. Mchezaji haruhusiwi kuwa na kifaa cha elektroniki ukumbini bila idhini mahsusi ya mwamuzi. Waandaaji wanaweza kuruhusu simu ikae kwenye mkoba, ikiwa imezimwa kabisa na mkoba umewekwa mahali palipokubaliwa, na mwenyewe asiuguse bila ruhusa. Ikidhihirika kwamba anayo mwilini, anapoteza mchezo, ila kama sheria za mashindano zimetaja adhabu nyepesi zaidi. Na kuanzia Januari 2023, sheria zinataja waziwazi njia mbili za kurekodi: kuandika kwenye karatasi iliyoteuliwa na mashindano, au kuingiza hatua kwenye kifaa kilichothibitishwa na FIDE na kuteuliwa na mashindano hayohayo.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayoamua mambo Eastlands. Kifaa halali si simu ya mchezaji iliyowekwa kwenye hali ya ndege. Ni chombo kisichofanya kazi nyingine, kimekaguliwa, na kimetolewa na wenye mashindano. Kile cha MonRoi kiliuzwa kwa zaidi ya dola 300 za Marekani. Kwa mashindano ya watu 80, hesabu hiyo haiingii akilini mwa mtu yeyote anayejua klabu ya mtaa hupata wapi fedha zake.

Simu, kwa upande wake, imekwishafika. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, simu imekuwa benki, daftari la madeni na mlango wa kazi za siku. Mwaka 2020 Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo, ambapo mtu aliweza kuichukua simu ya intaneti na kuilipia shilingi 20 kwa siku. Kumwambia kijana aliyeipata kwa njia hiyo aiache kwenye kapu la waandaaji ni kumwomba aiamini meza ya watu asiowajua, kwa kitu anachokilipia bado. Waandaaji wanaolijua hilo hutoa bahasha yenye jina na namba ya meza, huifunga mbele ya mwenyewe, na kumweka mtu mzima anayejulikana mtaani kuzilinda. Sheria ya FIDE ikifika Makadara inahitaji mlinzi wa bahasha, na kazi hiyo ni ya heshima sawa na ya mwamuzi.

Wakenya wanajua pia kwamba jicho la mtu bado lina kazi. Kwenye mashindano ya Kenya Open ya mwaka 2023, katika Sarit Centre huko Westlands, mchezaji aliyejiandikisha katika kitengo cha wanawake, amevaa buibui, nikabu na miwani, alianza kuwashinda wachezaji wenye majina. Hakuwa akisema neno. Waamuzi waliona viatu vyake, wakaona ukimya wake, wakaona kiwango kisicholingana na jina geni, na hatimaye wakamwita faraghani. Alikuwa mwanafunzi wa kiume wa chuo kikuu. Hapakuwa na mashine iliyomfichua. Ni watu waliokuwa wakizunguka meza na kutazama.

Kwa hiyo karatasi inabaki, na kwa mtoto anayeanza ni vyema ibaki. Anayeandika Nf3 kwa mkono wake analazimika kuutafuta mraba huo kwa macho kila mara, na baada ya michezo michache ubao wote unakuwa na majina kichwani mwake. Mtoto anayeweza kusema bila kutazama kwamba h4 ni mraba mweusi ameanza kuona mbele. Kugusa picha ya farasi kwenye skrini hakumpi zoezi hilo. Pedi za karatasi zenye nakala ya chini ni ghali kidogo, lakini fomu ya kawaida hutolewa fotokopi kwenye saiba yoyote kwa shilingi chache.

Kuna mchezaji mmoja ambaye kwake kifaa kilikuwa haki tangu zamani. Asiyeona hutumia ubao wa pili wenye matundu na kete anazozipapasa. Hatua hutamkwa kwa sauti, na ili herufi zisichanganyikane hutumiwa majina: Anna kwa a, Bella kwa b, Cesar kwa c, na kuendelea hadi Hector kwa h. Kuandika anaweza kwa Braille, au kwa kinasa sauti. Asiyeweza kabisa kuandika anaruhusiwa msaidizi aliyekubaliwa na mwamuzi, na kama sababu ni ulemavu, hakatwi muda kwa ajili hiyo. Shirikisho likipata fedha za vifaa viwili tu vilivyothibitishwa, viende kwa wachezaji hawa kwanza, kabla ya meza yoyote ya mabingwa.

Meza za mabingwa zina njia yao. Kampuni ya DGT ya Uholanzi hutengeneza mbao zenye vihisi ndani, na kete zake hutambulika kila zinapokanyaga mraba. Mchezaji hagusi kitu kingine. Ubao wenyewe unatuma hatua kwenye kompyuta, nayo inazitangaza kwenye intaneti, mara nyingi kwa kuchelewesha dakika kadhaa ili asiwepo wa nje wa kumsaidia aliye ndani. Ubao mmoja hugharimu mamia ya euro. Ndiyo maana mashindano huweka mbao hizo kwenye meza chache za mbele, na za nyuma hubaki na kalamu.

Na hapo kuna hasara ambayo haizungumzwi vya kutosha. Mchezo wa meza ya kwanza huingia kwenye hazina za dunia siku hiyohiyo. Mchezo wa meza ya 37, wa msichana wa Kariobangi aliyemfunga mtu aliyemzidi pointi 300 za kiwango, upo kwenye karatasi za wachezaji wawili tu, na karatasi hizo kisheria ni mali ya waandaaji. Yeye akiwa na nakala, bahati yake. Anayetaka leo kumwona Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, akicheza, atapata michezo yake ya Olimpiadi ya Khanty-Mansiysk ya mwaka 2010 kwa dakika chache, kwa sababu ilirekodiwa. Ile aliyoicheza akiwa mtoto chini ya kocha Robert Katende ilibaki vichwani mwa waliokuwapo. Ni watoto wangapi wa Eastlands wamecheza vizuri hivyo na hakuna awezaye kuonyesha hatua moja?

Simu inayokaa kwenye bahasha ndiyo inayoweza kuziba pengo hilo, mradi isubiri. Mchezo ukiisha na sahihi zikiwekwa, mchezaji anaipokea simu yake mlangoni, anapiga picha karatasi zote mbili, yake na ya mpinzani, kwa sababu palipofifia mwandiko wa mmoja hung'aa wa mwingine. Kisha anaingiza hatua kwenye Lichess, tovuti ya bure iliyoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, isiyo na matangazo wala malipo. Makocha wazuri humwekea sharti moja: aandike kwanza, kwa maneno yake, ni wapi alidhani mchezo uligeuka, ndipo aiwashe Stockfish imwambie. Akianza na mashine atajua jibu bila kujua kwa nini alikosea.

Kazi kubwa zaidi ni ya waandaaji. Programu ya Swiss-Manager ya Heinz Herzog wa Austria imewazoesha kupanga raundi na kutangaza matokeo kabla watu hawajafika nyumbani. Jedwali linaonyesha nani alimfunga nani, ila halionyeshi alimfungaje. Wanafunzi wawili wa sekondari wanatosha kulimaliza hilo kwenye wiki ya likizo. Mmoja anasoma karatasi kwa sauti, mwenzake anaingiza, na wakifika mahali ambapo hatua haiwezekani wanarudi nyuma, wanajiuliza kama hiyo f ilikuwa h, wanajaribu tena. Ni mafunzo ya chesi yasiyolipiwa. Mfumo wa PGN, ulioandaliwa na Steven J. Edwards mwaka 1993, huhifadhi mchezo kama maandishi matupu yanayofunguliwa na programu yoyote. Michezo yote ya wikendi nzima, meza ya kwanza hadi ya mwisho, huingia kwenye faili moja iliyo nyepesi kuliko picha moja ya simu, na inaweza kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la klabu, ikiwa na jina la kila mchezaji na mtaa anaotoka.